Mgongo wa Mwanasesere

Ukisikia mtu anasifiwa kwamba kazi yake haina kasoro, usikimbilie kupiga makofi. Uliza kwanza kazi hiyo inafunika nini. Bi Sindano alisifiwa hivyo kwa miaka ishirini na sita katika hospitali kubwa ya mji wao, na sifa alizipokea macho chini, kama mtu anayepokea haki yake. Shuka iliyochakaa katikati aliikata, akageuza pande za kando zikawa katikati, ikarudi wodini ukadhani imetoka dukani. Koti la daktari lililoungua kwa pasi alilirudisha na mfuko mpya, na daktari mwenyewe asijue. Alikuwa na mshono wake wa mkono, ambao sindano inaingia ndani ya kitambaa na kutembea humo humo bila uzi kutokeza nje. Akikurudishia nguo alikuwa na kawaida ya kukuambia, "Haya, tafuta palipochanika." Ungeigeuza na kuigeuza usipaone, naye angecheka peke yake mpaka mabega yatikisike.

Jina hilo alipewa na wauguzi, na lilimkaa vizuri hadi alipohamishiwa jengo la watoto. Wakubwa walikuwa wameamua kuagiza shuka za kutumia mara moja na kutupa, chumba cha ushonaji kikafungwa, vyerehani vikafunikwa maturubai, na Bi Sindano, akiwa amebakiza miaka miwili kustaafu, akapelekwa huko kusafisha vyumba na kutunza vitu vya kuchezea. Siku ya kwanza tu mlinzi alimwita kutoka mlangoni kwa jina hilo, na watoto watatu waliokuwa wamekaa kwenye benchi wakatimua mbio. Mmoja alikamatiwa langoni, kiatu kimoja mkononi, akiapa kwamba haumwi popote. Tangu siku hiyo ikapigwa marufuku kulitamka jina lile ndani ya jengo, na kule akawa Bibi tu.

Kibao cha mlangoni kilisema huduma kwa watoto wenye matatizo ya hisia na tabia. Watu wa nje hawakuwa na subira ya maneno marefu hivyo. Waliwaita watoto walioshindikana. Walikuja wanaochoma magodoro, wanaopiga wenzao, wanaokojoa kitandani na umri wa miaka kumi na miwili, na mmoja ambaye hakuwa amesema neno tangu msiba wa kwao. Bi Sindano alikuwa na maoni yake. Watoto wa namna hiyo walikuwepo tangu zamani, alisema, na dawa yao ilikuwa inaning'inia nyuma ya mlango. Alisema kwa mzaha, lakini mzaha wa mtu anayeamini anachosema.

Mshauri wa watoto alikuwa mwanamke kijana, wa umri wa binti yake, ambaye kila mtu alimwita Dokta ingawa mwenyewe alishachoka kueleza kwamba si daktari. Alivua viatu mlangoni, akakaa sakafuni na mtoto, akamwacha acheze. Kila baada ya muda alisema neno moja au mawili: naona huyu amekasirika, naona hapa hakuna mtu wa kufungua mlango. Basi. Bi Sindano alipomsikia mara ya kwanza, akiwa anafuta dirisha, alijiuliza kama kweli kwa hilo mtu anasomea miaka mitano. Halafu yule wa magodoro akaacha kuchoma, na yule wa msiba siku moja akaomba maji kwa mdomo wake, na Bi Sindano naye akaacha kucheka.

Wanasesere wa chumba kile aliwashona yeye, kwa vipande vya shuka kuukuu, akawajaza pamba: baba, mama, bibi, babu, watoto wa kike na wa kiume, mtoto mchanga, polisi mmoja na muuguzi mmoja. Aliwashona kwa moyo wote. Watoto nao wakawashughulikia kwa moyo wote: wakawanyonga, wakawazika kwenye sanduku la mchanga, wakawang'oa vichwa. Dokta akampa Bi Sindano sheria moja tu. Wanasesere waliowekwa kwenye beseni karibu na mlango awashone, awafue. Walio kwenye rafu ya juu ya kabati asiwaguse, hata kama kichwa kinaning'inia kwa uzi mmoja. Alimweleza na sababu yake: mtoto akirudi anataka akute alichokiacha, na asipokikuta anaelewa kwamba hapa napo hakuna anayemsikiliza. Bi Sindano akajibu, "Sawa, Dokta," ile sawa unayompa mgeni anayekufundisha kupika jikoni kwako.

Sasa huyu mtoto aliyeleta habari yote. Alikuwa wa kike, miaka tisa, zamu yake Jumatano saa nne, na kwa kuwa Dokta hakutaja majina ya watoto nje ya chumba, Bi Sindano alimwita Mtoto wa Jumatano. Aliletwa kwa sababu aling'ata. Alikuwa ameng'ata wanafunzi watatu na mkono wa mwalimu wa hesabu, na siku aliyopindua dawati mwalimu mkuu alimpa mama yake hadi mwisho wa muhula: apone, au amtafutie shule nyingine. Mama alikuwa mtu wa sauti ya chini, nguo zimepigwa pasi, wa kwanza kusalimia. Baba wa kambo alikuja mara moja tu. Alimpa kila mtu mkono, akamwambia Bi Sindano kwamba hajawahi kuona sakafu ya serikali inayong'aa namna ile. Bi Sindano alimsifia wiki nzima, kwamba wanaume wastaarabu bado wapo.

Jumatano tano mtoto hakucheza na kitu. Alipanga viti vidogo mstari mmoja, akakaa cha mwisho, saa ikaisha. Lakini akiwa anamsubiri mama yake kwenye korido alipenda kusogea karibu na Bi Sindano na kutazama sindano ikitembea. Siku moja aliomba kuutia uzi, akautia mara ya kwanza, bila kulamba ncha, na Bi Sindano akampa kitambaa kidogo ajaribu. Mtoto alishona kimya, ulimi nje kidogo. Hakumng'ata mtu. Bi Sindano akamwambia Dokta kwamba huyu hana ugonjwa wowote, anahitaji kazi ya mikono.

Jumatano ya sita mlango ulichelewa kufunguliwa. Dokta alipotoka alikuwa amembeba mwanasesere wa kike kwa mikono miwili, kama mtu anayebeba sahani iliyojaa hadi ukingoni. Akamlaza kifudifudi kwenye rafu ya juu, akambandikia karatasi yenye neno moja kwa herufi kubwa: ASIGUSWE. Kisha akapiga simu palepale koridoni. Bi Sindano hakuwa na tabia ya kusikiliza simu za watu, ila masikio hayana pazia. Alisikia kwamba Jumatano ijayo ofisa wa Ustawi wa Jamii aje akae nao, kwamba mtoto mwenyewe amekubali, kwamba amesema atamalizia siku hiyo. Kesho yake Dokta akaenda kwenye semina ya mbali, arudi Jumatano asubuhi.

Ijumaa Bi Sindano alisafisha chumba. Kufuli la kabati lilikuwa limekufa tangu mwaka uliopita na ahadi za fundi wa hospitali zilikuwa nyingi kuliko bisibisi zake. Alifungua kufuta vumbi, akamwona mwanasesere, akamshusha. Gauni lilikuwa limepandishwa hadi shingoni. Mgongoni palikuwa na michano saba, imekatwa kwa ule mkasi mdogo wa watoto usio na ncha, yote ikielekea upande mmoja, kutoka bega hadi kiuno, na pamba imetokeza katika kila mmoja.

Mkono wake ulisita. Niseme ukweli hapa, kwa sababu yeye mwenyewe alichukua muda mrefu kuusema: ulisita. Mistari ile aliijua. Marehemu mume wake alikuwa karani wa ghala, mtu wa watu, hata pombe hakunywa ili angalau tupate cha kusingizia, na mkanda wake wa suruali ulikuwa na kazi mbili. Bi Sindano aliishi naye miaka kumi na minane, na kola alizozirudishia, na mabega ya blauzi aliyoyaunga upya, ndiyo yaliyomfundisha ule mshono usioonekana. Hospitali ilipata fundi aliyeiva, wala haikuuliza aliivia wapi.

Angeweza kumrudisha mwanasesere kwenye rafu. Lakini kichwani mwake kulikuwa na mgeni. Ofisa anakuja Jumatano, mtu wa serikali, atafungua kabati na kukuta mtoto wa kitambaa utumbo nje, na watasema ndivyo jengo hili linavyotunza vitu vyake. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Alilelewa hivyo, naye kalea hivyo. Karatasi ya ASIGUSWE akajieleza kuwa imewekwa kwa ajili ya watoto, wasije wakala pamba. Alijua sivyo. Akavaa miwani, akakaa dirishani penye mwanga, na mchana kutwa akaziba michano saba mmoja baada ya mwingine. Akamfua, akampiga pasi gauni, akamrudisha rafuni ameketi, uso mbele. Karatasi akaikunja vizuri akaiweka droo ya chini. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizofanya mwaka ule, na alisikitika tu kwamba hapakuwa na mtu wa kumwambia atafute palipochanika.

Jumatano Dokta alifika amechelewa, basi lilikuwa limeharibika njiani, akaingia chumbani pamoja na ofisa na mtoto bila kupata muda wa kufungua kabati kwanza. Ofisa alikuwa mama wa makamo, mpole, daftari limefichwa ndani ya mkoba. Mlango ulikuwa na kioo kidogo. Bi Sindano akasimama karibu na kioo kile na fagio lake, na kwa nini alisimama pale ni jambo la aibu kulieleza: alikuwa anangoja kusifiwa.

Aliona mtoto akienda kabatini mwenyewe, moja kwa moja, kama mtu anayejua anakwenda kufanya nini. Alimwona akimchukua mwanasesere, akimgeuza, akipandisha gauni. Kidole gumba kikapita mgongoni taratibu, kikarudi, kikapita tena. Akamtazama Dokta. Akamtazama yule mgeni. Dokta alikuwa amepiga magoti na midomo yake inakwenda haraka, lakini mtoto hakuwa anamtazama tena. Alimshusha mwanasesere gauni, akalinyoosha, akamkalisha kwenye kiti kidogo, naye akakaa kwenye kiti cha pembeni, mikono mapajani. Alikaa hivyo mpaka saa ikaisha.

Dokta alitoka na mwanasesere mkononi. Hakuwa na hasira, ila midomo ilikuwa imempauka.

"Bibi, nani kamshona huyu?"

"Ni mimi, mwanangu," Bi Sindano akajibu, tena kwa tabasamu. "Umeona mshono ulivyozama? Tafuta palipochanika."

Dokta akaegemea ukuta, akateremka nao mpaka akakaa sakafuni. Akamweleza pale chini, kwa sauti ndogo, yale ambayo kwa kawaida asingemweleza mtu. Kwamba wiki sita walikuwa wanamngoja mtoto huyu aseme. Kwamba alikata michano ile akihesabu, na kila mkato alisema siku yake, Jumatatu, Jumanne, alipofika saba akasema mwanasesere aachwe hivihivi, asiguswe, wiki ijayo atasema ni nani. Kwamba leo alimwuliza Dokta swali moja tu.

"Ameuliza, 'Kwa hiyo na nyie mnaficha?'"

Bi Sindano alifungua mdomo kusema kwamba alifanya kwa nia njema. Nia yake alikuwa anaijua.

Dokta na ofisa hawakukaa bure. Ofisa alikwenda nyumbani kwa mtoto, akapokelewa sebuleni kulikodekiwa, akamkuta baba wa kambo anamfundisha mtoto kuzidisha. Mtoto aliulizwa, akasema yuko salama. Muuguzi alimtazama mgongo, mama akiwa pembeni. Palikuwa na alama za zamani, zimefifia, na mama alisema ni upele wa joto, alijikuna sana. Mtoto akaitikia kwa kichwa. Muuguzi akaandika upele. Mkuu wa jengo akasema bila neno la mtoto hawana cha kushika.

Ndipo Bi Sindano akajitoa mwenyewe. Alivaa gauni lake la kutokea, akaenda ofisi ya Ustawi bila kutumwa, akangoja tangu asubuhi kwenye benchi lenye mguu mmoja mfupi. Alipoitwa alieleza kama fundi: michano saba, imelala upande mmoja, upana kati yake kama vidole viwili, wa juu umeanzia bega la kulia. Alisema mtu aliyekata vile hakuwa anacheza. Alisema anaijua mistari hiyo, na ofisa alipomwuliza anaijuaje alivua kitambaa cha mabega, akageuka, akamwonyesha kidogo pale juu ya mgongo wake. Hajawahi kumwonyesha mtu, wala daktari.

Ofisa akamrudishia kitambaa mabegani. Kisha akamwuliza huyo mwanasesere yuko wapi.

"Yupo," Bi Sindano akasema. "Lakini nilimshona."

"Yote saba?"

"Yote."

"Na picha hakuna. Dokta hakupiga?"

"Alisema habari ni ya mtoto. Hakutaka kuichukua kabla mtoto hajamaliza."

Ofisa akaweka kalamu chini. "Bibi yangu," alisema, na hakusema kwa ubaya, "wewe ushahidi umeupiga sindano."

Jumapili, baada ya chakula cha mchana, alimpigia simu binti yake. Binti huyo alikuwa anaishi mji mwingine, mwalimu wa shule ya msingi, na simu zao zilikuwa za salamu na hali ya hewa. Simlaumu mtu, lakini mama anayepigiwa simu mara tatu kwa mwaka anajua kuna kitu, hata akijifanya mitandao ndiyo mibovu. Siku hiyo Bi Sindano alimweleza kila kitu, mpaka mwisho, na alichokuwa anataka, kama tutasema wazi, ni kufarijiwa. Alitaka aambiwe, mama, hukujua.

Alipomaliza, Bi Sindano akauliza kama binti bado yupo.

"Nipo," binti akasema. "Mama, unakumbuka mwalimu wangu wa darasa la nne? Yule aliyekuita shule?"

Alimkumbuka. Mwalimu alikuwa ameona shati la mtoto limechanwa kola kwa nguvu, akataka kujua. Bi Sindano alikwenda siku ya pili na shati lenyewe limeshonwa, akalitandaza mezani, akamwambia mwalimu, mtoto huyu ana maneno mengi, hebu tafuta palipochanika. Mwalimu alitafuta, hakupaona. Mtoto alichapwa viboko vinne kwa kumsingizia baba yake. Kwa miaka yote hiyo Bi Sindano alikuwa akiisimulia habari hiyo kwa majirani kama kichekesho cha ustadi wake, na binti alikuwa akitoka chumbani kila ilipoanza.

"Nilikuwa natetea nyumba," Bi Sindano akasema.

"Najua, Mama. Kwaheri, nina madaftari ya kusahihisha." Akakata.

Wenzetu husema majuto ni mjukuu. Ya Bi Sindano hayakungoja kuwa mjukuu, yalikuja na umri wake kamili, yakakaa naye mezani. Wiki nzima hakushona kitu. Beseni la mlangoni likajaa wanasesere wasio na mikono, na watoto wakawachezea hivyohivyo.

Wakati huohuo shuleni mambo yalikuwa yanakwenda vizuri, na hili ndilo linalonichoma mimi kuliko yote. Mtoto wa Jumatano aliacha kung'ata. Aliacha kupindua madawati. Alikaa pale alipowekwa, akanyoosha mkono kabla ya kusema, na mara nyingi hakusema. Mwalimu mkuu aliandika barua ya shukrani kwa jengo la watoto, yenye muhuri, kwamba mabadiliko ni makubwa na mtoto sasa ametulia. Neno hilo alilipigia mstari. Neno zuri kwa kweli, na kila anayemlea mtoto analitamani. Tatizo lake ni kwamba hata kisima kilichokauka kimetulia.

Mama yake alikuja na barua hiyo Jumatano ya mwisho wa mwezi. Alikuwa na furaha ya kweli, ya mtu aliyetua mzigo, akasema nyumbani wameonelea inatosha, baba yake amesema Mungu awalipe, wawapishe watoto wengine wenye shida. Dokta akamwomba waingie wazungumze kidogo. Mlango ukafungwa. Mtoto akabaki kwenye benchi la koridoni, magoti pamoja, barua yake ya sifa mapajani.

Bi Sindano alijua kwamba hana zaidi ya dakika kumi. Alikuwa amejiandaa. Siku mbili nzima alikuwa amemfumua yule mwanasesere kwa ncha ya wembe, uzi kwa uzi, akifuata matundu ya sindano yake mwenyewe, ili kila mchano urudi palepale ulipokuwa. Alimtoa kwenye mfuko wa aproni, akakaa kwenye benchi.

"Mwanangu, nisikilize. Mimi ndiye niliyemshona. Dokta hakujua. Yule mgeni hakujua. Ni mimi peke yangu."

Mtoto alimtazama kwa upole, kama anavyotazamwa mtu mzima anayeongea peke yake.

"Nimemfumua. Angalia. Yote saba, nimeifuata vilevile."

Mtoto alimpokea, akapandisha gauni, akapitisha kidole gumba. Kingo zilikuwa safi mno. Fundi alikuwa amezikunja ndani aliposhona, na sasa zilikuwa zimenyooka kwa mstari wa pasi, na kando ya kila mchano kulikuwa na matundu madogomadogo yaliyopangana. Mtoto wa miaka tisa anayejua kutia uzi mara ya kwanza hawezi kudanganywa kwa kitambaa.

"Huyu si wangu," alisema. "Huyu umekata wewe."

"Basi nitashona mwingine. Mpya. Utamkata wewe, unavyotaka, nami nitakaa hapa nione, sitagusa. Nitamwita Dokta sasa hivi."

"Hapana, Bibi." Alimrudishia mwanasesere, gauni limeshushwa. "Mimi nimeshatulia."

Mlango ukafunguliwa. Dokta alikuwa nyuma, macho mekundu, hajashinda. Mama alikuja amenyoosha mkono wa kumchukua mwanawe, akamwambia amuage Bibi vizuri, maana Bibi ndiye aliyekuwa akikaa naye. Mtoto akasimama, akatoa mkono wake wa kulia, akasema kwaheri kwa sauti safi. Mama akacheka kwa fahari, akasema umeona, Bibi, mwanzo wa muhula huu huyu angekung'ata.

Bi Sindano aliupokea mkono ule mdogo, akaushika kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Aliomba moyoni, kwa nguvu zake zote, mtoto amng'ate. Mtoto alingoja kimya mpaka alipoachiwa, kisha akamfuata mama yake nyumbani.